Kuosha Nuru Mpaka Ibaki Chembe Moja

Huko Kilo, eneo la Djugu, kaskazini mwa Bunia, mwosha dhahabu hutambulikana kwa mkono wake. Mawe yameshasagwa kuwa unga, unga umeshapitishwa kwenye mfereji wa mbao, na kilichonaswa chini kimekusanywa ndani ya karai. Kuanzia hapo kazi ni ya mtu mmoja. Anachuchumaa ukingoni mwa maji, analizamisha karai, analitikisa ili kilicho kizito kishuke, kisha analiinamisha na kulizungusha polepole. Maji yanabeba tope kwanza, halafu mchanga mweupe. Unabaki mchanga mweusi wenye chuma, na hapo ndipo fundi anapojulikana.

Sababu iko kwenye uzito. Sentimita moja ya ujazo ya mchanga mweupe ina gramu 2.65. Mchanga mweusi wa chuma unazunguka gramu 5. Dhahabu ina gramu 19.3. Kati ya mweupe na dhahabu pana nafasi kubwa, kwa hiyo hata mgeni wa kazi anaweza kuvitenganisha. Mtihani ni mweusi, hasa pale dhahabu yenyewe ilipo vumbi laini. Anayejifunza huona njano akafanya haraka, na vumbi la thamani likaenda na maji. Fundi hupunguza mwendo. Anaongeza maji ya kiganja kimoja, anagonga ukingo wa karai kidogo kidogo, mchanga mweusi unajivuta mbele, na nyuma yake unabaki mstari wa punje za njano, nyingine ndogo hata huzioni mpaka ugeuze karai zikutane na jua.

Katika punje zote hizo hakuna hata moja ambayo fundi ameiumba. Ujuzi wake wote ni wa kuondoa: kuondoa kila kisichotakiwa bila kukipoteza kinachotakiwa. Uko ufundi mwingine duniani wenye sheria hiyohiyo, na malighafi yake ni nuru. Mafundi wake huiondoa nuru mpaka ibaki chembe moja tu, ile inayoitwa fotoni. Kisha huitengenezea njia ya kupita, na mwisho wa njia huisubiri na kuipokea. Njia hizo mara nyingine hujengwa kwa dhahabu. Ndiyo maana naona inafaa ufundi huo usimuliwe Kilo, kwa Kiswahili, na kwa utulivu unaoustahili.

Dhahabu ya Kilo iliingia kwenye vitabu vya wakoloni mwaka 1903, pale watafutaji wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, walipoikuta katika mto Agola. Mwaka 1905 uchimbaji ukaanza. Mwaka huohuo Albert Einstein, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, aliandika kwamba nuru hutolewa na kupokewa kwa vipande vizima. Kipande kimoja hakina nusu wala robo. Ama kinafika chote, ama hakifiki. Wengi wa wanafizikia wa siku zile hawakumkubalia, na hawakuwa wajinga. Hakuna aliyekuwa na namna ya kushika kipande kimoja na kukionyesha.

Ugumu wa kwanza ni wingi. Taa inayotoa wati moja ya nuru ya kijani inamwaga fotoni zaidi ya bilioni mbili mara bilioni moja kwa kila sekunde. Mtu anaweza kudhani kwamba dawa yake ni kufifisha: uweke kioo cheusi mbele ya taa, kisha kingine, mpaka ipite moja moja. Mwaka 1909, kule Cambridge, kijana aliyeitwa G. I. Taylor alifanya hivyohivyo. Alichukua mwali wa gesi, akaukinga kwa vioo vilivyopakwa moshi, akauacha upige kivuli cha sindano kwenye bamba la picha. Nuru ilikuwa hafifu mno hata picha moja ikamchukua karibu miezi mitatu kukamilika. Ilipokamilika, mistari ya mawimbi ilionekana pembeni mwa kivuli, mikali kama ile inayotokea kwenye nuru nyingi. Kazi ile ilikuwa ya subira kubwa na inastahili heshima yake, lakini haikuthibitisha kwamba fotoni zilipita moja moja.

Kufifisha hakutoshi, na hesabu yake iko wazi. Chukua leza inayopiga mipigo mifupi, uififishe mpaka kila mpigo uwe na wastani wa sehemu moja ya kumi ya fotoni. Katika mipigo 1,000, karibu 905 itakuwa mitupu. Karibu 90 itakuwa na fotoni moja. Na mipigo kama 5 hivi itakuwa na mbili au zaidi. Ile mitano ndiyo mchanga mweusi wa kazi hii. Ni michache, imejificha katikati ya mizuri, na haitoki kwa kuongeza vioo. Ukizidi kufifisha unapunguza mibaya, ni kweli, lakini na mizuri inakwenda nayo. Anayetaka fotoni moja kwa hakika lazima aanzie kwenye chanzo ambacho kwa maumbile yake hakiwezi kutoa mbili kwa wakati mmoja.

Chanzo hicho ni atomu moja. Atomu ikipewa nishati hupanda ngazi, na ikishuka hutoa fotoni moja. Ili itoe nyingine, lazima kwanza ipandishwe tena, na kupanda huko kunataka muda, hata kama ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Mwaka 1977, Kimble, Dagenais na Mandel, katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliangalia nuru ya atomu za sodiamu zilizopita chache chache mbele ya leza, wakauona muda huo wa kusubiri: fotoni hazikuja zikiwa zimeshikana.

Jaribio linalothibitisha umoja wa fotoni ni la kupendeza kwa unyofu wake. Weka njiani kioo kinachopitisha nusu ya nuru na kurudisha nusu. Weka kipokezi kila upande. Nuru ya kawaida itaviamsha vyote viwili pamoja mara kwa mara. Fotoni moja haiwezi: itakwenda huku au itakwenda kule. Kwa hiyo fundi hahesabu milio ya vipokezi tu, anahesabu zaidi ile milio inayotokea pamoja, na kazi yake yote inapimwa kwa uchache wake. Mwaka 1986, huko Orsay karibu na Paris, Philippe Grangier, Gérard Roger na Alain Aspect walitengeneza chanzo ambacho milio ya pamoja ilipungua chini kabisa ya kile ambacho wimbi la kawaida lingeruhusu. Kisha wakaziunganisha tena zile njia mbili, na fotoni zilezile zilizokataa kugawanyika zikachora mistari ya mawimbi, kila moja ikiwa peke yake. Einstein na Taylor walikuwa sahihi wote wawili, na sasa palikuwa na ushahidi mezani.

Huyo Aspect anatuhusu kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya kufanya majaribio yaliyomletea Tuzo ya Nobel ya mwaka 2022, alikaa miaka mitatu Cameroon akifundisha, badala ya kutumikia jeshi. Jioni zake alizitumia kusoma fizikia ya kwantumu kwa undani, peke yake na kitabu. Msingi wa moja ya kazi kubwa za karne iliyopita uliwekwa Afrika, kwenye meza ya mwalimu.

Sasa nije kwenye dhahabu.

Aliyeichunguza dhahabu mbele ya nuru kwa makini kuliko wote waliomtangulia ni Michael Faraday, London, katika miaka ya 1850. Mwaka 1857 alieleza mbele ya wanasayansi wenzake alichokiona. Dhahabu iliyopondwa ikawa karatasi nyembamba sana hurudisha nuru ya njano, lakini ukiishika mbele ya dirisha, nuru inayopenya ni ya kijani. Na dhahabu iliyosambaa majini kwa punje ndogo kupita kiasi hugeuza maji kuwa mekundu kama damu. Metali ni ileile. Umbo na ukubwa wake ndio uliobadilika, na nuru ikabadilika nayo. Hilo ndilo wazo lililozaa vifaa vinavyosanifiwa kwa ajili ya nuru: fundi habadilishi tena aina ya kitu, anabadilisha vipimo vyake mpaka nuru itii.

Leo kazi hiyo hufanywa hivi. Kipande cha kioo husafishwa mpaka kisiwe na hata alama ya kidole, kisha huingizwa ndani ya chungu cha chuma kinachonyonywa hewa yote. Dhahabu haipendi kushika kwenye kioo, hivyo kwanza hupakwa titani, nanomita chache tu. Nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita. Halafu dhahabu huyeyushwa, ambayo huhitaji nyuzi 1,064 za Selsiasi, na hupashwa zaidi mpaka ianze kutoa mvuke. Mvuke huo husafiri katika utupu na kutua juu ya kioo, atomu juu ya atomu. Fundi anatazama kipimo cha unene, na unene ukifika nanomita 200 anafunga. Gramu moja ya dhahabu, ikitandazwa kwa unene huo, ingefunika zaidi ya robo ya mita ya mraba. Mraba wa milimita moja kila upande, ambao unatosha kwa jaribio zima, unatumia takriban sehemu nne za milioni ya gramu. Watu wa Ituri wanaopima dhahabu kwa tola, yenye gramu 11.66, wataona mara moja kwamba tola moja ingelisha maabara nyingi kwa miaka mingi.

Baada ya kutandazwa, dhahabu hutobolewa. Miale ya elektroni, inayoongozwa na kompyuta, ndiyo inayochora mahali pa kila tundu. Ukiliangalia bamba hilo kwa hadubini ya elektroni, unaona safu za matundu ya mviringo, kila moja lina upana wa nanomita 200, na kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha jirani yake ni nanomita 700, safu baada ya safu, bila moja kupotoka mstari. Macho ya mtu hayatachoka kuliangalia, kwa sababu usahihi wa namna hiyo una uzuri wake.

Bamba la vipimo hivyo ndilo lililotumiwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, na Altewischer, van Exter na Woerdman. Walitengeneza fotoni mbili mbili zilizofungamana, yaani jozi ambazo hali ya mmoja haielezeki bila ya mwenzake. Mmoja wa kila jozi walimpitisha kwenye dhahabu. Urefu wa wimbi lake ulizidi nanomita 800, mara nne ya upana wa tundu, kwa hiyo kwa hesabu za zamani tundu lilikuwa dogo mno kupitisha kitu cha maana. Lakini mwaka 1998 Thomas Ebbesen na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba bamba lenye matundu kwa mpangilio hupitisha nuru nyingi kuliko inavyotarajiwa. Nuru ikifika juu ya metali huzitikisa elektroni huru zilizo usoni mwake, na mtikisiko huo husafiri umeambatana na uso wa metali, hufika upande wa pili, na hapo hugeuka tena kuwa nuru.

Tulia hapo kidogo. Fotoni moja ilifika kwenye dhahabu. Haikupenya tunduni jinsi jiwe linavyopenya kwenye wavu. Iligeuka kuwa mtikisiko wa pamoja wa elektroni nyingi mno za metali, ikavuka, ikazaliwa upya kuwa fotoni moja. Nyingi zilipotelea ndani ya dhahabu na kuwa joto. Lakini zile zilizotoka, walipozipima, zilikuwa bado zimefungamana na wenzao waliobaki nje. Kitu ambacho tunafundishwa kwamba ni dhaifu kuliko vyote kilipita katika msukosuko wa metali nzima kikatoka na siri yake salama. Mimi sijui sifa kubwa zaidi ambayo dhahabu imewahi kupewa.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 2013, maabara ya Delft, Uholanzi hiyohiyo, ilichora juu ya kipande kimoja njia mbili nyembamba za dhahabu zinazokaribiana kisha kuachana. Kila njia ilipewa mtikisiko mmoja uliozaliwa na fotoni moja, na mwisho wa kila njia palikuwa na kipokezi. Mitikisiko miwili iliyofanana kabisa, ikikutana hapo katikati, huondoka pamoja kwa njia moja. Jambo hilo Hong, Ou na Mandel walikuwa wamelionyesha kwa fotoni mwaka 1987, na Delft ikalionyesha ndani ya dhahabu. Hapa barani kwetu, Mark Tame, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal na baadaye Stellenbosch, ni miongoni mwa waandishi wa mapitio makuu ya fani hii, yaliyotoka mwaka 2013.

Dhahabu ina kasoro yake, na fundi mkweli hukiri kasoro ya malighafi anayoipenda. Inameza nuru. Kwa safari ya mikromita kumi hivi inavumilika. Kwa safari ndefu zaidi, fotoni inahitaji njia isiyometali. Kazi nzuri kuliko zote nizijuazo za aina hiyo inafanywa Copenhagen, katika Taasisi ya Niels Bohr, kwenye kundi la Peter Lodahl. Chanzo chao ni kitone cha indi na arseniki kilichofunikwa ndani ya fuwele ya gali na arseniki, ambacho hutenda kama atomu moja. Fuwele hiyo hupunguzwa mpaka ibaki utando wenye unene wa chini ya nanomita 200, unaoning'inia hewani, umeshikwa pembeni tu. Utando mzima unatobolewa matundu kwa mpangilio, isipokuwa mstari mmoja unaoachwa mzima. Nuru haiwezi kukaa kwenye sehemu yenye matundu, maana mpangilio wenyewe unaikataa. Inabaki na mahali pamoja tu pa kwenda: ule mstari. Eli Yablonovitch na Sajeev John ndio waliolitoa wazo hili, kila mtu kivyake, mwaka 1987. Mwaka 2014 kundi la Copenhagen lilionyesha kwamba katika kila fotoni 100 zinazotolewa na kitone kilichowekwa vizuri, zaidi ya 98 huingia kwenye mstari.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana ukikumbuka kwamba atomu iliyo peke yake hutupa nuru pande zote, bila upendeleo. Mafundi hawakuilazimisha. Waliondoa uelekeo mmoja baada ya mwingine mpaka ukabaki huo wanaoutaka, na kila walichoondoa ni tundu tupu. Mfereji wa Kilo hukamata dhahabu kwa vizuizi. Mfereji wa Copenhagen unakamata nuru kwa utupu uliopangwa.

Ziko na njia nyingine za kupata fotoni moja, na moja inapita karibu sana na ardhi ya Congo. Fuwele iitwayo niobati ya lithi, iliyo na lithi, niobi na oksijeni, inaweza kuipasua fotoni moja yenye nishati kubwa ikawa mbili zenye nishati ndogo. Ukimwona mmoja umepata habari ya mwenzake. Ili kazi iende, fundi huigeuza fuwele hiyo tabaka kwa tabaka, kila mikromita kadhaa uelekeo wake wa umeme unapinduliwa, na mfereji wa nuru unachorwa juu yake. Sasa tazama malighafi. Lithi ipo kwa wingi Manono, mkoani Tanganyika. Niobi imo ndani ya koltani pamoja na tantali. Na huko Lueshe, eneo la Rutshuru, Kivu Kaskazini, pana mwamba wenye niobi uliowahi kuchimbwa, na madini moja yaliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1959 yakapewa jina la mahali hapo: lueshiti. Sisemi kwamba fuwele za maabara zinatoka kwetu, kwani niobi nyingi ya dunia hutoka Brazil. Nasema kwamba majina haya si ya ugenini kwa msomaji wa Goma au Bunia.

Niobi ndiyo iliyomshika fotoni muda mrefu kiasi cha kumfahamu. Serge Haroche, mzaliwa wa Casablanca, na wenzake mjini Paris walitengeneza vioo viwili vya shaba vilivyopakwa niobi, vikatazamana kwa umbali wa chini ya sentimita tatu. Vilipopoozwa hadi chini ya nyuzi moja juu ya sifuri kabisa, niobi ikapitisha umeme bila ukinzani wowote, na vioo vikawa bora kuliko vyote vilivyowahi kuwepo. Fotoni moja ya mawimbi marefu, ya aina inayotumika kwenye rada, ilidunda kati yake kwa wastani wa sekunde 0.13. Muda huo unaonekana mfupi mpaka upige hesabu: ni safari ya karibu kilomita 40,000, mzunguko mzima wa dunia, na vioo viliguswa zaidi ya mara bilioni moja bila kuimeza. Mwaka 2007 walitangaza kwamba waliitazama fotoni ikizaliwa na kufa humo, wakiipima mara nyingi bila kuiharibu. Haroche alipata Nobel mwaka 2012, pamoja na David Wineland.

Niobi hiyohiyo hupokea fotoni mwisho wa safari. Mwaka 2001 Gregory Gol'tsman na wenzake huko Moscow walionyesha ukanda wa nitridi ya niobi wenye unene wa nanomita 5. Unapoozwa karibu na sifuri kabisa, unapitishiwa mkondo wa umeme ulio chini kidogo ya kiwango unachoweza kubeba, kisha unasubiri. Fotoni moja ikitua, mahali ilipotua panapoteza ule uwezo wa kupitisha umeme bila ukinzani, na ishara inaruka. Kabla hujapepesa macho ukanda umeshapoa na uko tayari tena. Mwaka 2013, katika taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, mafundi waliotumia ukanda wa volframu na silikoni walifikia asilimia 93 ya fotoni zote zilizofika. Chini ya ukanda wao waliweka kioo cha dhahabu, ili fotoni inayopenya mara ya kwanza irudishwe ikapite tena. Hakuna kinachoachwa kiende na maji.

Faida ya kushika fotoni moja moja? Katika waya wa kioo unaobeba intaneti, fotoni moja kati ya kumi tu hubaki hai baada ya kilomita 50, na moja kati ya mia baada ya kilomita 100. Ujumbe wa kawaida hauoni shida, kwa kuwa unabebwa na fotoni nyingi mno. Lakini ukiandika siri juu ya fotoni moja, hakuna awezaye kuinakili njiani bila kuacha alama, kwa sababu hakuna nusu ya kuibia. Mwaka 2010, wakati wa Kombe la Dunia, kundi la Francesco Petruccione la Durban lililinda mawasiliano ya Uwanja wa Moses Mabhida kwa njia ya kwantumu. Teknolojia hii imeshatua Afrika na imeshafanya kazi.

Na Kilo? Dhahabu yake imechimbwa kwa zaidi ya karne moja. Imejenga kampuni, imelisha familia, na katika miaka ya vita imelipia bunduki zilizowaua watu wa Djugu. Waoshaji wengi bado wanakamata vumbi laini kwa zebaki, na mvuke wake unawaingia wao na watoto wao. Mtu mwenye mkono unaoweza kutenga dhahabu na mchanga mweusi kwa kugonga karai ana uangalifu uleule unaolipwa vizuri kwenye maabara za Leiden na Copenhagen. Tofauti yao iko kwenye walichofundishwa, na kufundishwa ni jambo linaloweza kupangwa.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa walimu wa fizikia wa Ituri, kuanzia shule za sekondari za Djugu hadi vyuo vya Bunia. Msisubiri maabara. Nunueni kalamu ya leza nyekundu sokoni. Ifungeni isitikisike, tegesheni unywele mmoja mbele yake, zimeni taa, na muwaonye wanafunzi wasiitazame leza yenyewe. Kwenye ukuta ulio umbali wa mita mbili wataona mistari ya nuru na giza, iliyoachana kwa sentimita moja na nusu hivi. Wapime kwa rula. Wazidishe urefu wa wimbi, nanomita 650, kwa umbali wa ukuta, wagawanye kwa nafasi ya mistari, na watapata unene wa unywele wenyewe: karibu sehemu tisa za mia ya milimita. Hilo ni jaribio la Taylor la mwaka 1909, ila kwa nuru nyingi, na linamalizika ndani ya kipindi kimoja cha darasa.